UZI: Ekografi imetoka safi lakini mkojo unaniponyoka na kuna kitu kinashuka. Akina mama wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, tuongee

SondaBkv (Bukavu)

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaopita hapa kwa ajili ya wake zenu, salamu.

Mimi ni fundi wa ekografi (wengine huiita ultrasound) hapa Bukavu. Siku nyingi ninapima wajawazito, lakini kuna karatasi moja ambayo nikiiona moyo unaniuma: ripoti ya ekografi ya tumbo inayosema kizazi kiko sawa, ovari ziko sawa, kibofu kiko sawa, hakuna kasoro. Aliyeishika amejifunga kikwembe cha pili kwa ndani, maana akikohoa au akiinua bidoni ya maji, mkojo umeshatoka. Ameambiwa ni mzima. Mume naye kasikia ni mzima. Anarudi nyumbani akiwaza labda amerogwa.

Jamani, ile ekografi haikuangalia mahali penyewe.

Sakafu ya nyonga ni misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimekaa kibofu, kizazi na puru, yaani mwisho wa utumbo mkubwa. Katikati kuna uwazi, na hapo ndipo hupita mrija wa mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Mtoto naye hupita hapohapo, ndiyo maana misuli hii huvutwa vibaya sana wakati wa kuzaa, na mara nyingine hung'oka kabisa kwenye mfupa. Sasa ekografi ya tumbo hupigwa kutoka juu, umelala, umetulia, kibofu kimejaa. Lakini kasoro za sakafu hujitokeza unapokohoa, unaposukuma, unapobeba. Kuzitafuta mwili ukiwa umepumzika ni kukagua bawaba za mlango bila kuufungua.

Dalili zenyewe watu wanazificha, kwa hiyo nazitaja wazi. Mkojo kutoka ukicheka au ukiruka dimbwi. Haja ya ghafla ambayo huifikishi chooni. Kukojoa na kuhisi kibofu hakijaisha. Uzito huku chini unaozidi jioni, au kinyama kinachojitokeza ukeni. Kushindwa kumaliza haja kubwa mpaka ubonyeze kwa kidole. Upepo au kinyesi kuponyoka. Maumivu wakati wa tendo la ndoa. Anayetaka kuuliza aulize hapa, jina la kubuni linatosha.

MamaWaKadutu

Asante yaya kwa kuufungua mlango huu. Nina watoto sita. Nauza unga, na magunia nayapandisha mwenyewe kwa mgongo, wanaojua milima ya Kadutu wananielewa. Asubuhi niko vizuri. Ikifika jioni kuna kitu laini kinatoka chini, nikilala kinarudi. Ekografi nimepigwa, ikaandikwa kizazi kizuri. Na hilo la kidole ulilolisema, mimi nalifanya, nabonyeza ukeni upande wa nyuma ndipo haja itoke. Sijawahi kumwambia mtu, hata dada yangu. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani.

SondaBkv

Mama, hauko peke yako hata kidogo, na maelezo yako ni mazuri kuliko ripoti nyingi ninazosoma. Uzito unaozidi jioni na kupungua ukilala ni tabia ya viungo vya nyonga vilivyoshuka. Kubonyeza ukuta wa nyuma wa uke ili haja imalizike kunafanya tushuku kwamba puru linatuna kuelekea mbele ndani ya uke, ile wanayoiita rektosele. Inaweza pia kuwa utumbo mdogo umeteremka hapo, au misuli haifunguki wakati wa kusukuma. Kwa macho ya nje vinafanana, na hapo ndipo picha ina kazi.

Lakini kabla ya picha kuna mkono. Munganga (daktari) au mkunga aliyefunzwa anakuangalia ukiwa umelala, kisha anakuambia sukuma, na anapima kila ukuta umefika wapi ukilinganisha na mlango wa uke. Kipimo hicho kimewekwa kwa utaratibu mmoja wa kimataifa tangu 1996, daraja 0 hadi 4, na hakihitaji umeme wala mashine. Ukiambiwa ufanye IRM, ile mashine kubwa ya picha ya sumaku (MRI), na hakuna mtu aliyekuangalia hivyo, uliza kwa heshima kwa nini.

Baada ya hapo ndipo ekografi ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Nieleze inavyokwenda, maana wengi wanaogopa wasichokijua. Sonda, kile kifaa cha mkononi cha ekografi, ni ileile iliyopinda tunayowekea wajawazito tumboni. Tunaipaka jeli, tunaivika glavu safi, tunapaka jeli tena juu yake. Unakojoa kwanza. Unalala chali, magoti umekunja, visigino karibu na makalio. Sonda inawekwa nje, kwenye msamba, haiingizwi ndani. Kwenye skrini naona mfupa wa kinena upande mmoja, kibofu cheusi kando yake, mrija wa mkojo, uke, kisha puru linalong'aa kwa sababu ya hewa, na nyuma kabisa msuli uliolizunguka kama kombeo.

Halafu nakwambia mambo mawili. La kwanza, bana kama anayezuia upepo: yule msuli wa nyuma unatakiwa usogee mbele kuelekea kinena. La pili, sukuma kama uko chooni, ushikilie sekunde 6 hivi. Hapo kila kitu kinasema ukweli wake. Kibofu kikishuka milimita 10 au zaidi chini ya ukingo wa mfupa wa kinena, au puru milimita 15, wataalamu wengi wanalihesabu kuwa tatizo linaloendana na dalili. Shingo ya kibofu ikiteremka zaidi ya milimita 25 inaelekea kwenye mkojo wa kikohozi.

Kuna mtego ambao mafundi wenzangu wanatakiwa kuujua. Wanawake wengi wakiambiwa sukuma, wanabana badala ya kusukuma, kwa aibu au kwa kuogopa kwamba kitu kitatoka mbele ya mtu. Fundi mwenye haraka anaandika "hakuna kilichoshuka". Kibofu kilichojaa nacho huzuia vingine visishuke, vilevile puru lililojaa. Mimi narudia zoezi mpaka mama atulie, na skrini namgeuzia aone mwenyewe. Akishaona msuli wake ukienda upande gani, anaelewa mara moja.

NesiGoma

Naongezea kutoka Goma, maana kuna jambo lisichanganywe na haya. Mkojo wa kikohozi hutoka unapokohoa. Mkojo wa fistula, yaani tundu lililotoboka kati ya uke na kibofu au puru, unatiririka mchana na usiku, umelala au umekaa, na mara nyingi huanza siku chache baada ya uchungu wa muda mrefu. Wengine wanapitisha kinyesi ukeni. Huyo asipelekwe kwenye mazoezi wala kwenye picha za gharama.

Kipimo chake ni rahisi. Kibofu kinajazwa maji yenye dawa ya rangi ya bluu kupitia mpira mwembamba, na vitambaa vitatu vya pamba vinawekwa ukeni kimoja juu ya kingine. Cha kati kikigeuka bluu, tundu liko kibofuni. Cha juu kikilowa lakini kisiwe na bluu, huenda ni mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo ndio uliojeruhiwa, tuseme wakati wa kupasuliwa, na hapo ndipo tunahitaji kuangalia figo kwa ekografi na picha nyingine. Hapa Goma wanawake wa fistula wanatengenezwa HEAL Africa, na Bukavu hospitali ya Panzi aliyoianzisha Docta Mukwege mwaka 1999. Nendeni, msikae nyumbani na harufu na masimango.

Na wapo waliofungwa fistula vizuri lakini bado mkojo unatoka wakikohoa. Wasikate tamaa wakidhani upasuaji umeharibika. Wakapimwe tena, huenda ni shingo ya kibofu.

BabaMapacha (Goma)

Mimi ni mwanaume, mnisamehe kuingia. Mke wangu alizaa mapacha, wa pili akavutwa kwa chombo, akachanika, akashonwa palepale. Tangu hapo upepo unamtoka bila kujua, na tumbo likiwa laini hata kinyesi. Ameacha kwenda kanisani. Mtu mmoja ametuambia lazima IRM, twende Kigali. Nimeshapata mnunuzi wa pikipiki yangu. Nifanye nini?

SondaBkv

Baba, usiuze pikipiki bado. Na ubarikiwe kwa kuuliza.

Kila picha inajibu swali lake. Swali la mke wako ni hili: je, misuli ya mviringo inayofunga njia ya haja kubwa ilikatika na haikuungana? Swali hilo linajibiwa na ekografi. Iko sonda nyembamba inayoingia kwenye njia yenyewe na kuzunguka pande zote, na ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa kazi hiyo. Isipokuwepo, sonda inayowekwa msambani, ikigeuzwa kwa upana, inaweza kuonyesha mengi mikononi mwa anayejua. Msuli wa ndani ni pete nyeusi, wa nje ni pete yenye weupe. Zikiwa nzima, unaona mviringo uliokamilika. Zikiwa zimechanika, kwa kawaida kuna pengo upande wa mbele, unaoelekea ukeni. Hata kabla ya mashine, kidole cha munganga mzoefu kinahisi mengi akimwambia mama abane.

Picha mkiipata, iende kwa mpasuaji anayetengeneza misuli hiyo. Bila mpasuaji, picha haitawasaidia kitu. Anzeni na hospitali kubwa zenye huduma ya fistula hapohapo mjini, maana wanaofanya fistula wanajua pia machaniko haya.

IRM ina kazi yake. Haina mionzi ya eksirei, na inaonyesha kibofu, kizazi, puru na utumbo vyote kwa pamoja mtu akisukuma. Jeli inawekwa kwenye puru, unalala ndani ya mashine, unaambiwa bana, sukuma, itoe. Msomaji wa picha anachora mstari kutoka chini ya mfupa wa kinena hadi kiungo cha mwisho cha kifandugu, halafu anapima kila kiungo kimeshuka kiasi gani chini ya mstari: chini ya sentimita 3 ni kidogo, 3 hadi 6 ni wastani, zaidi ya 6 ni kikubwa. Ubaya wake ni kwamba katika mashine nyingi mtu amelala, na wengi hawawezi kusukuma vizuri wamelala. Picha ile ya eksirei, ambayo uji mzito wa bariamu (dawa inayoonekana kwenye eksirei) unawekwa kwenye puru na unakaa kama chooni, inaonyesha vizuri zaidi puru linavyojiingiza ndani yake lenyewe au kutuna mbele. MamaWaKadutu, ikitokea unafikiriwa upasuaji na mkono haujamaliza swali, picha ya namna hii ndiyo inayoweza kumsaidia munganga kuamua.

NesiGoma

Naomba niseme na wakunga wenzangu kwa sababu ya huyu baba. Kabla ya kushona msamba, ingizeni kidole kwenye njia ya haja kubwa, muhisi pete kama ni nzima. Ni dakika moja. Chaniko la daraja la 3 limekata pete, la 4 limefika hadi kwenye utando wa ndani wa puru, na yote mawili yanatakiwa kushonwa na aliyefunzwa, kwenye mwanga wa kutosha na ganzi ya kutosha. Tukishona ngozi tu juu yake, nje panaonekana pazuri na mama anaenda nyumbani na maisha yaliyoharibika.

MkongomaniHalisi

Lakini mama zetu walizaa kumi na kubeba kuni na hawakuwa na ekografi za msamba. Haya si ni mambo ya uzazi tu?

SondaBkv

Mama zetu walikuwa nayo, ndugu yangu. Walikaa nayo kimya, wakajitenga, na wengine wakafukuzwa vitandani mwao. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapiga IRM wanawake 160 waliokuwa wamezaa mtoto wao wa kwanza tu. Asilimia 20 walikuwa na jeraha linaloonekana kwenye misuli ya sakafu ya nyonga. Kati ya 80 ambao hawajawahi kuzaa, hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo. Jeraha hilo kwa macho ya kawaida halionekani, ngozi ya msamba inaweza kuwa nzima kabisa. Anayezaa kwa koleo, kile chuma cha kumvutia mtoto, yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Halafu huyo mama tunampa gunia.

KineLushi (Lubumbashi)

Niingie hapo kwenye matibabu, maana mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, na naogopa mtu asome uzi huu aelewe picha ndiyo dawa.

Kwa mkojo wa kikohozi na kwa viungo vilivyoshuka kidogo, tunaanza na mazoezi ya misuli. Arnold Kegel, munganga wa Marekani, aliyaandika mwaka 1948 na bado tunayatumia. Kipimo kinachotumika sana ni kubana angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 isiyopungua. Pumua, usikaze makalio wala tumbo. Na kabla ya kukohoa au kuinua bidoni, bana kwanza ndipo uinue. Hilo peke yake huwasaidia wengi.

Shida ni kwamba maelezo ya mdomo hayatoshi. Utafiti wa mwaka 1991 uliwaangalia wanawake 47 walioelezwa kwa maneno tu. Robo yao walikuwa wanasukuma chini badala ya kubana, yaani zoezi lenyewe lilikuwa linaweza kuwaongezea tatizo. Ndiyo maana nakubaliana kabisa na SondaBkv kuhusu kumgeuzia mama skrini. Ekografi hapo inageuka kuwa mwalimu.

Kama misuli imeng'oka kwenye mfupa, mazoezi hayawezi kuirudisha ilipokuwa, ila yanaimarisha iliyobaki. Ni muhimu mpasuaji alijue hilo mapema, kwa sababu kwa mama kama huyo viungo vina uwezekano mkubwa wa kushuka tena baada ya upasuaji. Ipo pia pete ya uke, inawekwa na kuinua viungo, inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Kwa mama anayetaka bado kuzaa au asiyetaka kisu, ni msaada mkubwa.

Na wengine mazoezi ya kubana hayawafai kabisa. Kuna misuli iliyokaza muda wote: tendo la ndoa linauma, mkojo unachelewa kuanza, haja kubwa inagoma. Huyo anatakiwa kufundishwa kulegeza, na kubana kunamzidishia maumivu.

JinaLimefichwa

Hicho cha mwisho ndicho changu. Maumivu na mkojo. Lakini mimi nilitendewa ubaya na watu wenye silaha, siwezi kulala mbele ya mtu magoti yamekunjwa. Nikiona hicho kitanda natetemeka. Niliondoka hospitali mara ya mwisho kabla hawajanigusa.

SondaBkv

Dada yangu, pole sana. Kuondoka ilikuwa haki yako, na ukirudi bado utakuwa na haki ya kuondoka tena.

Nikwambie unachoweza kuomba, na mtu wa kazi hii anayestahili kuitwa hivyo atakubali. Omba mwanamke. Omba dada au rafiki akae karibu na kichwa chako. Omba mkutane kwanza mkiwa mmekaa, umevaa nguo zako, bila kipimo siku hiyo. Unaweza kuishika sonda na kuiweka mwenyewe, mimi nikaangalia skrini tu. Kikwembe kinabaki mwilini. Ukisema acha, mkono unaondoka hapohapo, bila maswali. Na kama bado haiwezekani, munganga anaweza kuanza na mazungumzo, kipimo cha mkojo na daftari la kuandika unakojoa saa ngapi na kiasi gani. Mengi yanajulikana kwa hayo. Panzi wana watu wa kuzungumza na moyo pamoja na wa mwili, vyote mahali pamoja. Mwili wako hauhitaji kulazimishwa ndipo upone.

KineLushi

Dada, anza nyumbani na kupumua tu. Lala kwa ubavu, mto katikati ya magoti, vuta pumzi tumbo lijae, toa taratibu, acha huku chini pashuke penyewe bila kusukuma. Hakuna anayekugusa. Ikikuletea mawazo mabaya, simama, fungua macho, fanya kitu kingine.

BabaMapacha (Goma)

Mrejesho mfupi. Munganga wa wanawake amemwona, amepima kwa kidole na kusema pete ya mbele ni dhaifu, ametuandikia ekografi na kutupa miadi na mpasuaji. Pikipiki ipo. Asanteni.

NesiGoma

Tunashukuru, baba. Kwa wakati huu asaidiwe kinyesi kisiwe cha maji wala kigumu sana, na asafishe kwa maji tu kisha apakaze mafuta ya kulinda ngozi.

Na wote msome hapa: ukishindwa kabisa kukojoa, ukipata ganzi kwenye msamba na mapaja ya ndani, ukitokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, au kinyama kilichotoka kikigoma kurudi na kuuma, msisubiri majibu ya uzi. Hospitali siku hiyohiyo.

MamaWaKadutu

Yaya SondaBkv, nimemwambia nesi wa kituo chetu lile la kidole. Hakunicheka. Amesema akina mama wanne wamemwambia mwaka huu. Naenda kuangaliwa kwa mkono kwanza, halafu ekografi ya msamba. Nijitayarishe vipi? Nisile? Na kama niko hedhini?

SondaBkv

Kula kama kawaida, mama. Ukiweza, nenda haja kubwa asubuhi, na ukojoe dakika chache kabla ya kuingia. Fundi aangalie pia kilichobaki kibofuni baada ya kukojoa. Hedhi haizuii kipimo, lakini ukijisikia vibaya omba siku nyingine. Kama unaweza, nenda alasiri baada ya kazi, maana asubuhi kitu chako kimejificha. Andika kwenye karatasi: watoto sita, kama kuna aliyevutwa kwa chombo, dalili zinaanza saa ngapi, na hilo la kidole uliandike juu kabisa. Mwambie fundi kwamba unataka uangaliwe ukibana na ukisukuma. Beba kikwembe cha ziada. Gunia likabebwe na mwingine siku hizi, au ugawanye unga kwenye mifuko midogo upandishe kwa safari kadhaa, na kila ukiinua, bana kwanza.

Ukishapata karatasi, ificheni sehemu ya jina na mniwekee hapa, tuisome pamoja.